Kwa Mtu Mzima Hayana Neno

6 Februari

Mume wangu mzee,

Salamu kutoka kwa mke wako mdogo, anayekukumbuka kila akimwona kinyozi anayenyoa kimya kimya, maana hapo hujua kwa hakika kwamba huyo si wewe. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti limemrudia. Daktari kamwambia apunguze ngazi, na sisi tunakaa ghorofa ya nne, kwa hiyo ameamua kumpunguza daktari. Anauliza kama sweta aliyokufumia inakutosha au umeigeuza kitambaa cha kufutia mikasi.

Mimi bado niko ofisi ya afya, chumba kilekile cha kupimia maji. Chupa zimejaa dirishani, kila moja na kikaratasi cha mahali ilikotoka, na feni bado inazunguka kwa hisani. Wiki iliyopita mwenzangu mmoja alikunywa sampuli akidhani ni maji yake. Alipoambiwa ilitoka wapi alikaa chooni nusu siku, na maji yenyewe yalikuwa safi kabisa.

Sasa Babu, kuna jambo, na nakuomba ulisome polepole. Usinywe tena maji ya pampu ile ya nyuma ya kibanda chako. Usipikie wala usichemshie chai. Kachote bomba la stesheni. Najua ni mbali, lakini baiskeli unayo na miguu yako haijaacha kujisifu. Usiniulize kwa nini. Chupa moja ya kutoka kwenu imepita mezani kwangu, na hapa kwetu chupa moja si jibu mpaka ije ya pili. Mpaka hapo tumekatazwa kusema, nami nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe. Ikijulikana nimekuandikia, kazi sina.

Kwa hiyo wewe ambaye mtaa mzima unakuita Redio, kwa mara moja tu maishani mwako, zima redio. Usimwambie mtu. Hata yule msusi wa upande wa pili wa ukuta, ingawa najua ndiye msikilizaji wako mkubwa.

Mkeo asiyelala kwa kukuwaza.


21 Februari

Mke wangu wa mjini,

Barua yako imefika ikiwa imetafunwa kona moja, nadhani ni panya wa posta, kwa sababu hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Mimi mzima. Sweta ni nzuri ila mikono mirefu. Mwambie mama yako mimi ni baba yake, si nyani. Na goti lake alikande kwa maji ya moto, aache ubishi, ubishi wenyewe kaurithi kwa marehemu bibi yako.

Nimekutii. Kila asubuhi nafunga ndoo nyuma ya baiskeli naelekea stesheni, na narudi na nusu ndoo, nusu nyingine imebaki kwenye suruali. Redio nayo nimeizima, lakini hujui unachoniomba. Juzi nimemkata sikio mwalimu mkuu. Kidogo tu, lakini damu ya sikio haina adabu, ilitoka kama nimemchinja. Sababu ni wewe. Mkono wangu haujazoea kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa. Mwalimu mkuu hata hakukasirika, aliniuliza tu kama naumwa.

Habari kubwa ya huku ni kwamba msusi amejifungua. Binti! Mumewe yuko safarini na lori lake, hajamwona hata mwanawe. Maziwa ya mama yamekataa kutoka, mkunga kahangaika naye wee, mwisho wakaamua ya kopo. Basi anachemsha maji ya pampu kwenye jiko lilelile la maji ya kuoshea nywele, anayaacha yachemke mpaka sufuria inalia, maana mkunga kamwambia usafi ndio kila kitu. Mtoto ana koo, si mchezo. Wateja wanasema siku hizi banda letu lina redio mbili, na moja imezimika. Nimemnyoa nywele za kwanza mwenyewe, kichwa kidogo hivyo kinaenea kiganjani, na hakulia. Nimewahi kunyoa askari waliolia.

Msusi kaniona na ndoo, kaniuliza kulikoni. Nimemwambia maji ya pampu hayatoi povu la ndevu. Kacheka, kaamini. Sijawahi kumdanganya yule dada, na sijaipenda ladha yake. Hebu niambie kidogo, kuna nini kwenye maji? Kama ni vijidudu, yeye si anachemsha, basi hana shida, au vipi?

Mumeo,
Redio (imezimwa)


9 Machi

Mume wangu mkata masikio,

Nimecheka mpaka mama katoka jikoni na mwiko. Maskini mwalimu mkuu! Mwambie ashukuru hukuwa unamnyoa ndevu. Mama anasema mikono ya sweta si mirefu, ni wewe unayesinyaa. Goti limetulia kidogo, analikanda, ingawa anasema ni wazo lake mwenyewe.

Chupa ya pili bado. Gari la kwenda kuchukua sampuli liliharibika, likatengenezwa, likaharibika tena. Usimchukie mkuu wangu bila kumjua, si mtu mbaya. Miaka ya nyuma, akiwa kwingine, alifunga kisima kwa chupa moja tu. Watu wakaenda kuchota mtoni, kipindupindu kikawafyeka. Baadaye ikaonekana chupa yenyewe ilichafuliwa njiani, kisima kilikuwa hakina kosa. Tangu hapo ukimtajia kutangaza kabla ya chupa ya pili, anainuka anakwenda kusimama dirishani. Ananiambia, wewe unaogopa maji, mimi naogopa watu wakiogopa maji. Nami namwelewa, kwa sababu mto wenu naujua.

Umeniuliza kilichomo. Siwezi kuandika. Niseme hivi tu: kwa mtu mzima hayana neno.

Vumilia, na uendelee kukaa kimya.

Mkeo.


23 Machi

Mke wangu mpenzi,

Nashukuru sana, umenitua mzigo. Nilivyosoma tu kwamba kwa mtu mzima hayana neno, nikafungua kamba ya ndoo. Stesheni wamezoea kuniona, msimamizi alishaanza kunitoza maneno. Kama maji hayamdhuru mtu mzima kama mimi, mwenye mvi mpaka puani, yatamdhuru nani tena? Nimerudi pampuni kwangu, na chai imerudi kuwa chai.

Msusi kaniona, kasema, "Eh, mzee, povu limerudi?" Nikamwambia, "Limerudi, dada yangu, maji hayana neno kabisa." Tukacheka. Moyo wangu umekuwa mwepesi, maana lile la kumdanganya lilikuwa limenikaa kooni.

Mama yako mwambie kusinyaa ni haki ya mzee.

Huku kuna mashaka kidogo kwa jirani. Mtoto amekuwa mnyonge, koo lote lile limeisha. Midomo imegeuka rangi, na kucha pia, kama aliyechezea wino. Zahanati wamesema ni kifua, wampe joto na maziwa mengi. Basi mama yake hafanyi kingine, ni kuchemsha na kumpa, kuchemsha na kumpa. Usiku namsikia ukutani akimwimbia. Wewe unakaa na madaktari, huna dawa ya kifua ya mtoto unayoijua?

Mumeo,
Redio


28 Machi

Babu,

Asimpe maji hayo. Asimpe hata tone. Mwambie sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Si kifua. Ni mbolea. Ghala la mtaa wa juu linavuja, na chumvi ya mbolea imeshuka mpaka kwenye maji ya pampu. Mtu mkubwa haimfanyi kitu. Mtoto mchanga inaiharibu damu yake isibebe hewa, ndiyo hiyo rangi ya wino. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, chumvi inabaki, kwa hiyo akichemsha sana anazidisha. Wampeleke hospitali kubwa leo, wawaambie ni maji ya mbolea, dawa ipo. Wakodi gari, nitalipa mimi.

Nimepiga simu posta yenu, laini imekufa. Nimepiga zahanati, haipokelewi. Naituma kwa kondakta wa basi la asubuhi, nimemwapisha.

Waambie wote, Babu. Kila mwenye mtoto. Washa redio.


2 Juni

Mjukuu wangu,

Natumaini hamjambo, na goti la mama yako linaendelea vizuri. Mimi nipo.

Najua mmeniandikia, wewe na mama yako. Zimefika zote. Nilikuwa nakaa na karatasi mbele yangu, naandika "mke wangu", halafu naona haiendi, naichana. Leo nimeandika unavyoona.

Kondakta alinitafuta akanikuta natoka makaburini. Si kosa lake, daraja lilikuwa limekatika. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama na udongo kwenye viatu. Niliwasha redio, kama ulivyosema. Nilipita nyumba kwa nyumba mpaka sauti ikanikauka, na walinisikiliza, kuna watoto wawili walipelekwa hospitali na wako salama. Lakini kwa msusi sikubisha hodi. Nilimpita. Ningemwambia nini siku ile? Alikuwa amekaa chini na kila mwanamke aliyeingia alikuwa anamwambia neno moja: "Nilichemsha. Nilichemsha sana." Wakamjibu tunajua, mama, ulifanya yote.

Mumewe alifika baadaye na lori lake, kaleta kanga mpya na kiti kidogo cha mtoto. Kiti kipo hadi leo mlangoni, hawajakiingiza ndani wala hawajakitoa.

Tangazo lenu mlilibandika pampuni mwezi wa nne. Limeandikwa vizuri. Linasema maji haya yasitumiwe kwa watoto wachanga hata yakichemshwa. Msusi alilisoma akiwa na ndoo mkononi. Akaiweka chini. Akarudi dukani kwake, akafunga mlango, na mimi huku upande wangu nikasikia anagonga ukuta. Yule dada hajawahi kugonga ukuta, sisi huwa tunaongea tu.

Akasema, "Mzee, ulikuwa unakwenda stesheni."

Nikasema ndiyo.

"Halafu ukarudi. Ukaniambia hayana neno."

Nikasema ndiyo.

"Ulijua?"

Nilimwambia nilijua kuna kitu, sikujua ni nini. Nilimwambia uliniandikia. Nilimweleza lile neno lako. Mjukuu wangu, tangu niote mvi, kila mtu ananiita mtu mzima. Wananipisha kiti: kaa mtu mzima. Nilidhani unanitaja mimi na uzee wangu, kwa heshima, na kwa utani kidogo. Nilidhani umesema, kama mzee hadhuriki basi hakuna wa kudhurika. Sikujua umesema mtu mzima ili usiseme mtoto. Neno moja, na mimi ambaye naishi kwa maneno nililisoma vibaya. Kila siku nalisoma tena.

Kisha msusi akauliza, "Huyo mjukuu wako, alipoandika hivyo, alijua mimi nina mtoto?"

Nimemwambia nitakuuliza.

Basi nakuuliza, na usinijibu kwa salamu. Barua ya mtoto nilikutumia mwezi wa pili. Ulinijibu habari za sikio la mwalimu mkuu, na sikio na mtoto vilikuwa kwenye karatasi moja.

Babu yako.


14 Juni

Babu,

Umesema nisijibu kwa salamu.

Niliipata. Niliisoma nikiwa ofisini, nimesimama karibu na dirisha la chupa. Nilifika pale uliposema anachemsha mpaka sufuria inalia, na nilikaa chini. Nilijua papo hapo. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua kama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeipima chupa yenu na mimi ndiye niliyesoma barua yako.

Nilikwenda kwa mkuu. Nilimwambia, pale pampuni kuna mtoto mchanga wa kopo. Hakukasirika. Aliniuliza, "Ni ndugu yako?" Nikasema jirani ya babu yangu. Akasema, "Kila pampu ina mtoto. Wengine hawana mtu wa kuwaandikia. Tukianza kunong'onezana, atapona anayejuana na sisi. Subiri gari, tutawaambia wote kwa siku moja." Nilitoka nikiona kasema haki. Hata sasa siwezi kukuambia alikosea wapi katika maneno yale. Lakini mimi nilikuwa nimeshanong'ona, Babu. Nilikuwa nimekunong'oneza wewe, mtu mzima ambaye maji hayangemfanya lolote. Haki nilikuja kuikumbuka ilipofika zamu ya mtoto wa msusi.

Niliandika barua mbili usiku ule. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: mwambie msusi asitumie maji ya pampu kwa mtoto. Niliwaza redio yako. Niliwaza mtaa mzima unakwenda mtoni, na mimi nafukuzwa kazi, na kodi ya nyumba, na mama na ngazi zake. Niliichana. Ya pili ndiyo uliyoipata.

Lile neno nililichagua. Nilikaa nalo muda mrefu. Nilitaka neno ambalo ukilielewa, mtoto atapona, na usipolielewa, mimi nitakuwa sijasema. Na ili hata likitokea la kutokea niweze kujiambia, mbona nilimwambia babu. Nimejaribu kujiambia hivyo. Haikubali.

Hapa ofisini wameandika kwamba kifo kile hakikuthibitishwa kuwa ni cha maji, kwa kuwa damu haikupimwa. Nilipeleka barua zako zile mbili kwa mkuu. Alizisoma, akafunga mlango wake, na hakutoka mpaka jioni. Asubuhi yake alisema zibaki kwangu, ni mambo ya familia.

Mama sijamwambia yote. Ananiona silali, anadhani nina mchumba.

Usimsomee msusi karatasi hii. Mpe aisome mwenyewe, wewe usiwe katikati tena. Mwambie jibu ni ndiyo. Nilijua ana mtoto. Nilijua ni binti, nilijua ana koo, nilijua ulimnyoa na hakulia.

Sijui kama bado mimi ni mke wako.


1 Julai

Mjukuu wangu,

Nimempa. Sikumgongea ukutani, nilizunguka nikaingia kwa mlango wake. Alikuwa anamsuka mteja, akamaliza mstari aliouanza, akafuta mafuta mikononi, akaisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alirudi akaanza tena kutoka juu. Mteja akajiondokea na kichwa nusu.

Hakulia wala hakukutukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyechemsha." Nikamwambia hilo si kosa lake. Akasema anajua. Akaikunja barua, akasema tena, "Lakini mimi ndiye niliyechemsha." Mimi ni nani hata nilie, lakini nililia.

Ameibakisha barua kwake. Hataki fedha yako, usimtumie. Mumewe anataka kwenda ofisini kwenu nayo. Sikumzuia, na wewe usimzuie.

Dukani kwangu wateja wanaingia wanasema, haya mzee, tupe habari. Nawanyoa. Masikio yao yote yako salama, mkono umezoea sasa.

Umeniuliza kama bado wewe ni mke wangu. Utani sina kwa sasa, niwie radhi. Pengine utarudi, pengine hautarudi, mimi si mtabiri. Lakini kuna swali moja ambalo msusi hakuliuliza, na mimi ndiye niliyeliona usoni pake: kwa nini anasoma karatasi, mwenye karatasi yuko wapi?

Njoo. Mama yako mwachie jirani wa ngazini amwangalie. Nitakupokea stesheni, nitakubebea begi kwenye baiskeli, nitakufikisha mpaka mlangoni kwake, pale penye kiti cha mtoto. Ndani utaingia peke yako. Wewe sasa ni mtu mzima.

Babu yako.